Kabla Hujapanda Kile Kitanda

Kabula mwanangu,

Mama yako amekufa kwa sababu ya kutolewa mafuta ya tumbo. Hakufa kwa taifodi. Taifodi tulisema sisi, mimi na dada yako Nkwimba na mume wake Masanja, wewe ukiwa kule kwao Kiseke unawalelea mtoto. Ukailia taifodi. Kila aliyekuja msibani ukamwambia taifodi. Sasa matanga yameisha, kesho unaondoka, na mimi nakuambia kilichomuua.

Sijui kuandika sana. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, mwalimu mwenyewe mdogo kwangu. Kwa hiyo soma polepole. Mambo ya baridi ya Nairobi, na mzigo, na pale mpakani Sirari, mama yako mdogo atakuambia, yeye ndiye anayekupeleka na njia anaijua. Mimi nina jambo moja.

Nimewasikia. Juzi mlikuwa jikoni, wewe na yeye, mimi nipo upande wa pili nakaza kamba za kitanda. Ukuta wetu unaujua. Minza akakuambia, "Ukishazoea dukani kwangu nitakupeleka kwa daktari wangu. Hilo tumbo na hayo mapaja, unalala msichana huyu, unaamka msichana mwingine." Wewe ukacheka. Halafu ukauliza, "Mama mdogo, si inauma?"

Mtu akishauliza kama inauma, ameshakubali.

Mama yako naye aliuliza hivyohivyo. Ilikuwa Krismasi, Minza amekuja na mabalo yake ya mitumba na kiuno kipya. Mama yako alimzunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Akamshika huku, akamshika kule. "Minza, hiki kiuno umekitoa wapi?" "Nimekinunua, dada." Walicheka mpaka chai ikapoa. Mimi nikacheka pia. Nilidhani ni utani wa ndugu.

Unajua alivyokuwa akiuza chakula pale getini Nyakato. Wale vijana wa kupakia mizigo walimtania kila siku. "Mama Nkwimba, ukikaa wewe kwenye benchi sisi wote tunasimama." "Mama Nkwimba, tupunguzie huo ugali uliokula mwenyewe." Yeye alikuwa anawachapa na mwiko mgongoni na wote wanacheka, na kesho yake wanarudi. Miaka yote nilidhani anacheka kweli.

Aliponiambia anataka kwenda, nilikataa. Kwetu mwanamke akinenepa anasifiwa mume. Nikamwambia, "Watu watasema sikulishi." Na ipo ile nyingine, unaijua. Siku hizi mwanamke akipungua ghafla majirani hawamuulizi kitu. Wanamwangalia tu, wanasubiri. Wameshazika wengi mtaa huu, kwa hiyo kila aliyekonda wanajua ni ugonjwa ule. Nikamwambia hilo pia. Akasema, "Baba Nkwimba, wewe ulinioa nina kiuno. Hukumbuki?"

Nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka.

Basi tukakubaliana aende, mtu yeyote asijue. Minza alilipa. Nyumba ya matibabu iko mjini, ngazi za juu, chini ni duka la vitambaa. Zamani hospitali ilikuwa ya serikali au ya misheni. Dawa hakuna, lakini ulijua wa kumlaumu. Sasa kila kitu ruksa, kila ngazi ukipanda kuna daktari. Huyu hata hakuwa wa hapa. Anakuja, anakaa siku zake, anaondoka.

Siku ya kwanza aliongea vizuri. Akamwambia mama yako, "Nenda kapige picha ya tumbo kwanza. Ile mashine ya utrasaundi. Nataka nione mafuta yana unene gani, huku na huku. Na nione chini ya mafuta ukuta wa nyama umekaa sawa au una mwanya. Bila picha sifanyi."

Tukishuka ngazi nikamwambia mama yako, "Huyu na wenye mashine wanagawana." Mimi mtu wa kushuku, unanijua. Mizani ya dukani naishuku, msimamizi namshuku, mtu akinisalimia mara mbili namshuku. Siku ile nilishuku neno pekee la kweli alilosema yule mtu.

Lakini kilichotushinda siyo hicho. Mashine tuliyoijua ilikuwa moja, hospitali kubwa, na anayeishika ni Masanja. Unajua mama yako na Masanja. Mkwe akiingia mbele, yeye anatokea nyuma ya nyumba. Chakula anamtuma mtoto. Mkono hawajawahi kupeana tangu siku ya mahari. Sasa alale chali, afunue tumbo, mkwe ampake ule ute wa baridi na kumpitishia kidude kitovuni? Akasema, "Bora ninenepe mpaka nipasuke." Akasema siku hiyo angevaa na viatu vyake vya kutokea, ili wamzike navyo, maana angekufa palepale kwa aibu. Alikuwa anacheka akisema hivyo. Mimi nikamwona ana haki. Na leo bado sioni kama alikuwa mjinga. Ndivyo tulivyolelewa.

Ila mimi ningeweza kumwambia Masanja. Alikuja Jumapili, tukakaa nje wawili. Neno ninalo mdomoni. Lakini habari za tumbo la mama mkwe wake unaanzia wapi? Tukaongea mvua. Tukaongea bei ya pamba, na hakuna hata mmoja wetu mwenye shamba la pamba. Akaaga. Nikamsindikiza mpaka lami. Neno nikarudi nalo nyumbani.

Tukarudi kwa daktari mikono mitupu. Akauliza, "Picha iko wapi?" Mama yako akasema, "Mashine imeharibika." Mimi nimesimama mlangoni nimemshikia viatu, nikajua sasa tunafukuzwa. Na nilitaka tufukuzwe, nakuambia kweli. Yule mtu akatazama saa yake. Akambana mama yako tumbo kwa vidole, hapa na hapa, kama anayechagua nyanya. Akauliza, "Umewahi kuumwa nini tumboni?" Mama yako akasema, "Hapana. Chango tu." Akasema, "Haya. Naona ni mafuta matupu. Panda kitandani."

Kabula, mtu akikuambia leo bila kitu fulani sifanyi, kesho anafanya bila hicho kitu, toka. Usingoje akueleze. Hata uwe umeshavua.

Mimi kazi yangu ni kuchimba. Mwanza hii chini ni mawe. Juu unaona udongo mzuri, mwekundu, laini, unasema leo tutamaliza mapema. Ndiyo maana hatuanzi na sururu. Tunaanza na mtalimbo, tunauchoma chini kila baada ya hatua, tunasikiliza mkono. Nilipoanza kibarua, baada ya kiwanda kutupunguza, niliona wale wenzangu wanapoteza muda. Nikapiga sururu. Ikagonga bomba la maji, maji yakaruka juu ya paa la ghala, tukafukuzwa wote siku ile, na wao hawakuwa na kosa. Nilijifunza kwenye shimo. Mbele ya kitanda kile sikukumbuka.

Sasa kilichokuwa chini ya mafuta ni hiki. Mama yako alikuwa na mwanya kwenye nyama, karibu na kitovu. Muda mrefu. Akinyanyua sufuria kubwa kinatoka kivimbe, anakisukuma kwa kiganja, kinarudi na mlio. Tuliita chango. Ngiri tulijua ni ya wanaume. Alivyonenepa kile kivimbe kikazama ndani ya mafuta, hakionekani tena, tukasema kimepona.

Masanja alinieleza baadaye. Alisema, "Baba, wanaingiza bomba jembamba chini ya ngozi. Wanasukuma mbele na nyuma, linavuta mafuta. Pale kwenye mwanya utumbo ulikuwa umetokeza nje, umekaa katikati ya mafuta. Bomba haliwezi kujua huu ni utumbo."

Mama yako alirudi nyumbani amefungwa mkanda. Siku ya kwanza alifurahi. Alisimama dirishani akaweka mkono kiunoni. Akaniambia, "Angalia." Nikaangalia. Nataka ujue hilo pia, alifurahi, na alipendeza. Sitaki uone mama yako alikuwa mtu wa hovyo.

Kesho yake tumbo likawa gumu kama ubao. Homa. Anatapika. Nikakimbia mjini. Daktari ameshaondoka. Kuna binti anayekaa mezani kupokea wagonjwa, anakata kucha, akaniambia, "Mzee, homa ni kawaida. Mpe panadoli." Nikampa panadoli. Jirani akaja na uji akauliza anaumwa nini. Nikasema malaria. Ili nisionekane mwongo nikaenda kununua dawa ya malaria, na nikampa, na akaitapika. Unaona nilivyokuwa? Mtu anakufa, mimi nalinda uongo usianguke.

Nilipompeleka hospitali kubwa alikuwa hawezi kukaa. Daktari wa pale alimgusa mara moja tu, akasema apelekwe kwenye mashine haraka. Nikajua nani yuko kule. Mama yako naye akajua.

Masanja alipoona ni nani kwenye machela, alirudi nyuma mpaka ukutani. Nesi akamwambia, "Vipi, wewe? Mgonjwa huyo." Akasema kwa sauti ndogo, "Ni mama mkwe wangu." Nesi akasema, "Basi mwokoe mama mkwe wako."

Mama yako hakuwa na nguvu za kujifunika tumbo. Akavuta kitenge akafunika uso. Masanja akasema, "Mama, nisamehe." Na yeye, ndani ya kitenge, akasema, "Angalia, baba. Angalia tu."

Aliangalia. Sikuona yeye anaona nini, mimi niliona rangi ya kijivu na nyeusi kama mvua kwenye kioo. Lakini niliuona uso wa Masanja. Wakampasua. Ndani palikuwa pameshaoza. Akafa asubuhi, ng'wana wane, mwanangu, mkono wake nimeushika, na kiuno chake kile kipya kimefungwa bandeji.

Nimerudi pale ngazi za juu. Kibao wamepaka rangi mpya. Yule binti anasema daktari yuko mji mwingine, mji gani hajui. Kuna mwanaume amevaa tai akaniambia nilete malalamiko kwa utaratibu. Akanipa soda. Sikuinywa. Nitarudi tena, na Masanja atakuja na mimi kusema alichokiona. Sijui kama itafika popote.

Minza nilimshuku kuliko wote. Nilisema moyoni huyu anapewa kitu kwa kila mwanamke anayemleta. Jana nikamwita nje, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Minza, wewe ulipofanyiwa kule, walikupima na mashine kwanza?"

"Walinipima, shemeji. Mara mbili. Nimelala, na nimesimama. Wakanichora na kalamu tumbo zima, hapa nene, hapa nyembamba, hapa usiguse."

"Na dada yako?"

"Nilijua na huku wamempima."

"Uliuliza?"

 Akasema, "Nilituma hela, shemeji. Sikuuliza." Akaanza kulia.

Kilio nacho nakishuku. Siku hizi nashuku kila kitu. Lakini sidhani alimuua dada yake kwa kutaka. Alimpenda akampa kitu kizuri alichokipata yeye, nusu yake. Ile nusu nyingine, ya kupimwa, hakuona kama ni kitu cha kusimulia. Nani anasimulia mashine? Watu wanasimulia kiuno.

Sasa mimi sikukatazi. Mwili ni wako. Na nikikataza utaenda kimyakimya, kama sisi tulivyoenda kimyakimya, na kimya ndicho kilichotumaliza. Mimi nakuona mzuri hivyo ulivyo, lakini mimi ni baba yako, na mama yako nilimwona mzuri pia na haikumsaidia.

Ninachosema ni hiki. Wasikuguse kabla hawajakuangalia ndani. Na siyo mtu aangalie huko, karatasi ije huku. Huyo atakayeshika bomba ndiye aione picha, wewe upo, aweke kidole aseme hapa kuna nini na hapa kuna nini. Akisema ameshaiona, mwambie aione tena. Akikasirika, vizuri, umeshamjua.

Na mashine nayo usiiamini tu kwa kuwa inawaka taa. Nilimuuliza Masanja, "Hii mashine inadanganya?" Akasema, "Inadanganya, baba, kama anayeishika ana haraka. Mwanya wa ngiri mtu akilala umelala naye. Lazima asimame. Lazima akohoe, ajikaze kama anayenyanyua ndoo. Ndipo unauona unafunguka." Kwa hiyo wakikupima umelala tu, wakakuambia shuka, usishuke. Waambie bado. Waambie baba amesema nikohoe. Watakucheka. Wacha wacheke.

Na wakikuuliza umewahi kuumwa nini tumboni, usiseme hapana. Hapana siyo kweli, na hili hukuwahi kuambiwa. Ulipozaliwa kitovu chako kilitokeza kama ndizi mbivu. Ukilia kinavimba. Bibi yako akakuwekea sarafu ya shaba juu yake, akafunga na kitambaa, ukakaa nayo mpaka ulipoanza kutembea. Kikaingia. Bibi akasema sarafu imefanya kazi. Nimemuuliza Masanja kama sarafu inaziba mwanya. Hakutaka kumvunjia bibi yako heshima, akasema, "Baba, mingine inazibika yenyewe. Mingine inajificha." Nikauliza, na wa Kabula? Akasema, "Mpaka aangaliwe."

Ndipo nikafanya kile nilichoshindwa Jumapili ile. Nilimwambia waziwazi, Masanja, nataka shemeji yako aangaliwe tumbo kabla hajapanda basi. Jasho lilinitoka, na ni neno dogo hivyo. Nilijua atasema hawezi, wewe ni shemeji yake, watu watasema. Akaniambia, "Baba, siyo lazima niwe mimi. Yupo dada mmoja, anashika zamu kila Alhamisi. Mwanamke mtu mzima, mkono wake mzuri kuliko wangu." Nikamuuliza huyo dada ameanza lini. Akaangalia chini. Akasema, "Yupo miaka yote, baba. Hata kwa mama. Mngeniuliza tu, ningempisha."

  Tulikaa pale mpaka Nkwimba akatuita kula.

Kesho ni Alhamisi. Basi lenu ni la mchana. Huyo dada anajua unakuja asubuhi, Masanja atakungoja getini tu, ndani haingii. Kunywa maji mengi kabla, usiende kukojoa, ndivyo wanavyotaka. Usimame. Ukohoe. Akikuambia uko sawa, nenda na mama yako mdogo salama, na huko Nairobi waangalie tena wenyewe, usiwape maneno ya huku. Akikuambia mwanya upo, basi hutoondoka kesho. Minza atatangulia. Utashonwa kwanza hapa, hospitali kubwa, na watu wanaojua kinachoshonwa, na wewe utakasirika, utaninunia, nitavumilia. Minza nimemwambia. Amekubali kungoja na tiketi yako mkononi mpaka apate neno kutoka kwa huyo dada. Nimemwambia bila neno hilo hupandi, na akikupandisha, mimi na yeye undugu umeisha. Hakujibu vibaya.

Sasa hivi uko kwa jirani unasukwa, nakusikia unavyocheka. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Asubuhi ukiamka nitakuwa nimeshatoka. Usikasirike kwamba sikukusindikiza. Chumba cha mashine baba haingii, na nikibaki nje getini na Masanja tutaanza tena kuongea bei ya pamba. Majibu atanipa yeye jioni. Usimtume aniambie uko sawa kama huko sawa. Uongo wa namna hiyo nimeshaumaliza wote mimi.

Msimamizi ameleta neno kwamba ule msingi wa ghala umesimama tangu msiba, na hataningoja zaidi. Kesho narudi kazini.